Bomba la Petroli na Bomba la Mawe

Baba yangu alikuwa fundi wa karabai pale Cheyo, mjini Tabora. Kibarazani kwetu kulikuwa na benchi la mninga lililokunywa mafuta ya taa mpaka likawa jeusi, na mimi, binti pekee katika nyumba ya wavulana wasiotulia, ndiye niliyekaa naye hapo. Alinifundisha kuzibua tundu la karabai kwa sindano bila kulitanua. Alinifundisha kukata washa ya ngozi na kuiloweka kabla ya kuirudisha ndani ya pampu. Zaidi ya yote alinifundisha kusikiliza, maana karabai inayotaka kufa, alisema, hubadili sauti kwanza. Mwaka wa Uhuru kila mtu alitaka taa, benchi likajaa, na nyingine aliniachia nizimalize mwenyewe.

Mume wangu nilimpatia benchini hapohapo. Alikuwa Mnyamwezi wa upande wa kaskazini, mbele ya Isikizya, kando ya ile njia ya zamani ambayo wapagazi walipita nayo kutoka Tabora kwenda ziwani. Alileta karabai ya msikiti wa kwao, akarudi tena na tena kuiulizia hata baada ya kupona. Siku alipokuja na wazee wake, baba alimuuliza:

"Kwenu mnalima nini?"

"Pamba, mzee."

"Na binti yangu atakula pamba?"

"Mtama upo, mzee. Asali ipo. Njaa hatumlazi nayo."

Baba akacheka, nikajua nimekwisha kuolewa.

Nilipokelewa vizuri. Mama mkwe aliniita mtoto wa mjini, lakini aliniita hivyo huku akinimegea kipande kikubwa cha nyama. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mchanga mgongoni. Mumewe alikwenda kukata mkonge Tanga, na mpaka leo hatujui kama alifika. Mimi sikujaliwa mtoto. Basi yule mtoto wa kike wa wifi alilala kwangu siku nyingi kuliko alivyolala kwa mama yake, na wifi hakuona vibaya. Alisema mtoto ana bahati, ana maziwa nyumba moja na hadithi nyumba ya pili.

Kisha tukahamishwa. Nchi nzima ilikuwa ikihamia katika vijiji vya ujamaa, na sisi ambao nyumba zetu zilitawanyika kila mtu na shamba lake tuliambiwa tukajipange kando ya barabara ili serikali itufikie. Wapo waliokwenda kwa hiari. Sisi tulichelewa, kwa sababu mama mkwe hakutaka kuyaacha makaburi, na walipokuja mgambo walianza na paa. Nyasi zilishuka, fito zikafuata, na mama mkwe alikaa ndani ya nyumba isiyo na paa mpaka jua la mchana likamtoa. Alipanda lori akiwa ameshika jiwe la kusagia, hakukubali mtu amsaidie kulibeba.

Kijiji kipya kilikuwa mistari ya nyumba za fito upande huu na upande huu. Kila kaya ilikuwa na ekari zake, na zaidi ya hizo kulikuwa na shamba la ujamaa la pamba, kubwa, lililofyekwa kwa pamoja na kulimwa kwa pamoja. Pamba ile ilishika ardhi vizuri. Na ilipoanza kufunga vitumba, funza wakaingia.

Bwana shamba alikuja na mabomba mawili ya injini ya petroli. Alikuwa kijana aliyetoka chuoni, mpole, anayetoka jasho hata asubuhi. Bomba lile lilivaliwa mgongoni kama mtungi wenye mikanda. Juu kulikuwa na tangi la dawa, chini injini ndogo yenye tangi lake la petroli, na pembeni mpira mnene kama mkonga wa tembo ambao upepo ulitokea, ukiibeba dawa hadi mistari ya mbali. Ulivuta kamba mara mbili tatu, injini ikanguruma, ndege wakaruka kijiji kizima. Watoto walikimbilia ndani, na watu wazima walisimama mbali nalo.

"Nani hapa anajua injini?" bwana shamba aliuliza.

"Mke wangu anajua karabai," mume wangu akasema.

Watu walicheka, lakini mwenyekiti wa kijiji hakucheka. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaende haraka. Alisema karabai ina pampu na injini ina pampu, kwa hiyo nimeteuliwa. Ghala likawa langu kulifagia, ufunguo ukabaki kwake.

Sikujua injini, ila bwana shamba alinionyesha kwa uvumilivu na nilikuwa na mikono iliyozoea vitu vidogo. Bomba la petroli lilikuwa na madai kama bibi harusi. Petroli yake haikumiminwa hivihivi, ilichanganywa na oili kwanza kwa kipimo, la sivyo chuma kinasagana na chuma. Plagi ilitaka kufunguliwa na kukwanguliwa masizi. Chujio la hewa lilijaa vumbi letu jekundu kila siku, nikiliosha leo kesho limeziba. Mpira wa mafuta ulipasuka, nikaukata na kuufupisha, ukapasuka tena. Kila asubuhi niliinama juu ya vile vyuma kabla jua halijapanda, nikanawa petroli kwa majivu, na bado ugali ulinuka.

Lakini niliielewa sauti yake. Ilipodhoofika nilijua ni chujio, ilipokohoa nilijua ni plagi. Ilikuwa mashine isiyojificha. Ilipokuwa na tatizo ilipiga kelele, na ilipokuwa nzima ilipiga kelele zaidi, na hakuna aliyesahau kwamba mgongoni mwa mtu kuna moto na sumu.

Oili ilikwisha kabla ya petroli. Nilimwambia mwenyekiti, akasema imeagizwa. Nilimwambia tena, akasema funza hawangoji oili. Siku moja nikiwa kisimani walimimina petroli tupu katika bomba moja na kulipeleka shamba. Lilikwenda mistari michache likakwama, na kamba ya kuwashia haikuvutika tena hata na mwanamume wa nguvu. Tukabaki na bomba moja, na aliyelibeba alikuwa mume wangu, kwa sababu ya mabega yake.

Mkanda wa bomba hilo ulikuwa umekatika kifungo chake. Spea haikupatikana. Mume wangu alifunga mwenyewe kwa ukanda wa mpira wa tairi, fundo juu ya fundo, akasema sasa halidondoki. Na kwa sababu kulifungua fundo lile kulichukua muda, na kulishusha na kulipandisha bomba kulitaka watu wawili, akaona afadhali ajaziwe petroli akiwa amelivaa.

Sikuwapo shambani siku hiyo, nilikuwa nyumbani nikitwanga. Niliyasikia kwa masikio kabla ya mtu kuniambia. Injini ilizimwa, pakawa na utulivu kama kawaida ya kujaza mafuta, kisha nikasikia watu wakipiga kelele. Nilipofika, mume wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya pamba na watu wanamrushia udongo kwa mikono na kwa majembe. Petroli ilimwagika juu ya bomba la moshi likiwa bado jekundu. Alijaribu kulivua akashindwa kwa sababu ya lile fundo, akakimbia, na kukimbia kukauchochea moto. Mtu mmoja alimwahi na panga akakata ule ukanda wa tairi.

Alipona. Nasema hivyo kwa sababu watu hutaka kusikia hivyo. Alilazwa hospitali ya Tabora akilalia tumbo mpaka mvua zikapita, na baba yangu alimpelekea uji kila siku kutoka Cheyo. Alirudi na mgongo wenye ngozi iliyonyooka na kung'aa kama ngozi ya ngoma. Hakuweza kuinua mkono wa kulia kupita bega, wala kulala chali, wala kukaa juani. Alipokuwa peke yake nilimsikia akivuta pumzi kwa meno, lakini nikiingia aliacha.

Msimu uliofuata bwana shamba alikuja na sanduku jipya, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeleta habari njema kwenye matanga. Alimsalimia mume wangu kwanza. "Shikamoo, kaka mkubwa." Kisha akafungua sanduku mbele ya watu wote.

Yalikuwa mabomba ya betri, yale ambayo sisi tuliyaita mabomba ya mawe, kwa sababu betri za tochi na redio kwetu tunaziita mawe. Lilikuwa kama fimbo ndefu ya plastiki yenye uwazi ndani. Uliyapanga mawe ndani ya fimbo, moja nyuma ya jingine, kama risasi. Kwenye ncha kulikuwa na mota ndogo kama dole gumba, na juu ya mota kisahani chenye meno mengi membamba, na juu yake ulipachika chupa ya dawa iliyoinamishwa. Kisahani kilizunguka kwa kasi ambayo hukukiona, dawa ikadondokea juu yake na kukatika vipande vidogo kuliko ukungu, upepo ukaichukua. Hakukuwa na maji ya kubeba wala moto wala kamba ya kuvuta. Hata kelele haikuwapo, ila mlio mwembamba kama wa nyuki mmoja aliyepotea ndani ya nyumba.

"Hili hata mama mjamzito atalibeba," bwana shamba akasema. Nadhani alitaka kutuchekesha.

"Linatunzwaje?" nikamuuliza.

"Ni rahisi, dada. Unaosha kisahani kwa mafuta ya taa baada ya kazi. Unatoa mawe. Unaangalia raba ya chupa isivuje. Basi. Jambo moja tu." Akainua kidole, na watu walikuwa wakiongea wakati huo, lakini mimi nilimsikia. "Mawe yawe mapya. Yakichoka, kisahani kinazunguka polepole, na dawa haipai tena, inadondoka. Na dawa ya bomba hili si ile ya kuchanganywa na maji. Hii ni ya mafuta, kali, inapita kwenye ngozi."

Kila kaya ilitakiwa kutoa mtu mmoja wa kupulizia. Kwetu mtu alikuwa mume wangu, na mume wangu hakuweza kuinua fimbo ile. Mimi niliandikwa ghalani. Mama mkwe alikuwa mzee. Wifi akasema, "Nipeni mimi. Si linabebwa kama mwiko?"

Alilipenda. Wale waliobeba la petroli mwaka uliopita walirudi wakiwa viziwi kwa saa nzima, mashati yamelowa na masizi. Wifi aliondoka alfajiri amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani, fimbo mkononi, akarudi bado anaongea. Wanawake wengine walimfuata, na baada ya muda mfupi kupulizia kukawa kazi ya wanawake. Walitembea mstari kwa mstari wakizungumza, kwa sababu mabomba yaliwaruhusu kuzungumza. Na hapo nilianza kuona kitu kilichonitia wasiwasi. Bomba la petroli watu waliliogopa hata likiwa limezimwa. Hili la mawe waliliegemeza mlangoni na watoto wakapita chini yake. Mwanamke mmoja alikuta kuku wake wanadonoa karibu na chupa akawafukuza kwa kucheka tu. Niliwaambia wanawake wavae mikono mirefu, wakaniuliza mikono mirefu iko duka gani. Kweli, kwenye duka la ushirika hakukuwa na kitambaa tangu mwaka uliotangulia.

Mawe nayo hayakudumu. Lile boksi lililokuja na mabomba lilikuwa la msimu mzima, nami nililifunika kwa gunia juu kabisa ya rafu. Lakini ofisi ya kijiji ilikuwa na redio, na redio ilikuwa bubu kwa kukosa mawe, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa na ufunguo. Nilikuta gunia limehamishwa. Baadaye nikasikia redio ya ofisi ikisoma taarifa ya habari, na siku nyingine redio ya nyumbani kwake ikipiga muziki, kisha ya shemeji yake.

Nilisimama mkutanoni. Haikuwa kawaida mwanamke aliyetoka mjini kusimama, lakini nilisimama.

"Mwenyekiti, mawe ya mabomba yanapungua."

"Mawe ni ya kijiji."

"Ni ya kijiji, ndiyo, lakini bomba likila mawe machovu dawa inawadondokea watu. Bwana shamba alisema."

"Na wananchi wasisikilize taifa linasema nini?" Alitazama watu, si mimi. "Tukae gizani kwa sababu ya funza?"

Watu walicheka kidogo. Mume wangu, aliyekuwa amekaa kivulini na shati lake pana, akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka jana ilikuwa oili." Mwenyekiti akaita ajenda nyingine. Bwana shamba hakuwapo, alikuwa na vijiji vingi na pikipiki moja.

Basi tukafanya kama kila mtu alivyofanya na mawe ya redio. Nikayaanika juani juu ya bati. Mawe machovu yakipata joto huamka kwa muda, kisha hulala tena. Nikayachanganya, lenye nguvu kidogo na lililochoka. Nikaweka mkono karibu na kisahani na kusikiliza ule mlio wa nyuki, na nikausikia umeshuka, ukawa mzito. Niliyarudisha ghalani mabomba yote yenye mlio ule. Kesho yake nikayakuta yametolewa, yako shambani.

Na kwa kuwa mawe yalihitaji jua kwanza, watu hawakupulizia tena alfajiri. Walianza jua likiwa juu, wakati upepo wa kwetu unageukageuka kama mtu asiyejua anakokwenda. Raba za chupa nazo zilivimba na kulegea, kwa sababu ile dawa ya mafuta ililainisha mpira. Nilikata nyingine kwa ngozi, kama baba alivyonifundisha, zikadumu kidogo zaidi.

Wifi alianza kulalamika kichwa. Alirudi mchana mkono wake wa kulia umelowa mpaka kiwiko, khanga imeshikamana na paja, akajimwagia maji ya kata na kusema, "Wifi, leo hili bomba lako limenikojolea." Tulicheka wote wawili. Nikamwambia apumzike, akasema akikosa kazi siku moja anaitwa mvivu mbele ya watu, naye hana mume wa kumsemea. Mume wangu alimwambia kesho hatoki. "Nitamalizia kile kipande cha kisimani tu, kaka," akasema, "basi nikae."

Siku ya kipande cha kisimani walimleta wenzake wawili wakimshika kwapani. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Alikuwa anatembea, lakini miguu haikuwa yake. Tulimlaza uwanjani juu ya mkeka. Akatapika, akasema taa zinamuumiza, na hakukuwa na taa, lilikuwa jua. Nilimvua zile khanga zote na kumwosha kwa sabuni, mama mkwe akimshika kichwa. Ngozi yake ilinuka dawa hata baada ya maji ya tatu.

Kisha akaanza kukakamaa. Meno yakashikana, macho yakapanda juu, mwili ukapigapiga mkeka. Wanawake waliokuwa wamejaa pale walirudi nyuma. Mmoja akasema ni shetani wa kisimani. Mwingine akasema apewe maziwa, maziwa huua sumu, na mama mkwe akaagiza maziwa, lakini meno hayakufunguka na mimi nikakataa yasimiminwe.

"Mayo," mume wangu akamwambia mama yake, "tunampeleka hospitali."

"Kwa nini?"

Alimaanisha kwa chombo gani. Trekta la kijiji lilikuwa bovu. Bwana shamba na pikipiki yake hatukujua yuko wapi. Wanaume wakakata fito mbili, wakafunga shuka, wakampakia kwenye machela na kushika njia ya barabara kuu, kwamba huenda lori la pamba litapita kutoka Nzega kwenda Tabora. Mume wangu hakuweza kubeba. Alikwenda mbele akiwafagilia njia, akiondoa matawi, akigeuka kila mara. Mimi nilitembea pembeni nikimfunika uso kwa khanga dhidi ya jua. Mama mkwe alibaki na mtoto.

Katikati ya njia alitulia, nikafurahi. Alifungua macho akaniona.

"Wifi."

"Abee."

"Mtoto amekula?"

"Amekula."

"Haya."

Alikakamaa tena mara nyingi baada ya hapo, na hakusema tena. Tulifika barabarani tukamweka chini ya mti mwembamba usiokuwa na kivuli cha maana. Wanaume wakasimama barabarani wakitazama upande wa Nzega. Alikufa hapo, lori likiwa halijatokea. Lilitokea baadaye, tukiwa tumekwisha kumfunika. Dereva alisimama, akashuka, akavua kofia. Akatuuliza tunataka kwenda mbele au kurudi. Mume wangu akamwambia, "Kurudi." Yule dereva akaligeuza lori lake na mzigo wote, akaturudisha mpaka kijijini kwa njia ambayo haikuwa ya lori, na hakutaka hata maji.

Mwenyekiti alikuja mazikoni. Simsingizii, alishika jembe akachimba kama wengine. Aliposimama kusema maneno alisema ni kazi ya Mungu, na marehemu amekufa katika ujenzi wa taifa. Mama mkwe alikuwa ndani hakusikia. Mume wangu alisikia. Aliondoka pale akaenda kukaa nyuma ya nyumba, nikamfuata, nikamkuta anachezacheza na kipande cha kijiti mchangani. Akasema, "Lile la petroli lingemuunguza tu." Mpaka leo huwa nawaza kama alikuwa na haki. Moto ule aliokuwa nao mgongoni kila mtu aliuona na kuukimbilia na udongo. Sumu ya mdogo wake ilimwingia mbele yetu, tukiizungumza, tukiicheka.

Matanga hayajaisha, mgambo alikuja kuniita ghalani. Bomba la wifi lilikuwa mezani, chupa bado ina dawa nusu. Mwenyekiti alitaka nilioshe na kulitengeneza, maana mtu mwingine ameteuliwa, na mawe mapya yamepatikana.

"Yamepatikana lini?" nikauliza.

"Jana."

Nilisimama nikalitazama. Nilijua kinachotakiwa. Kisahani kilikuwa kimeganda dawa, kuosha tu. Raba mpya ya ngozi. Kazi ndogo kabisa.

"Sitengenezi," nikasema.

"Hii ni mali ya umma, mama."

"Na wifi yangu alikuwa mali ya nani?"

Nilidhani atanifokea, lakini aliketi juu ya gunia akashika paji la uso kwa vidole, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amechoka, na kwamba ana hofu na watu wa juu yake kama sisi tulivyokuwa na hofu naye. Hilo halikunilainisha. Nilitoka. Ndani ya wiki wanawake wengine nao wakarudisha mabomba, mmoja mmoja, wakiyalaza mlangoni mwa ghala. Wakaitwa, wakatishwa, wakakubali kutozwa faini. Bwana shamba aliporudi alisikia habari akakaa muda mrefu kwenye pikipiki yake iliyozimwa. Alikuja kwetu kutoa pole. Alilia mbele ya mama mkwe, naye akamwambia, "Nyamaza, baba. Hukumzaa wewe." Sikujua kama alimfariji au alimfukuza.

Funza walikula pamba ya mwaka ule. Kijiji chetu kikatajwa kuwa cha wavivu.

Tuliondoka kabla ya mvua nyingine, mimi na mume wangu na mtoto, tukarudi Cheyo kwa baba. Ilibidi tuombe ruhusa, tukapewa kwa sababu mume wangu hakuwa na faida shambani. Mama mkwe alikataa kuja. Alisema amekwisha kuachishwa makaburi mara moja, haachi tena lingine. Tulimtembelea kila tulipopata gari, mpaka naye akazikwa pembeni ya bintiye.

Mume wangu alijifunza karabai, kwa mkono wa kushoto. Hakuwa fundi mzuri. Aliharibu matundu mengi kwa haraka, na baba, Mungu amrehemu, aliyazibua tena kimya kimya mume wangu akishalala. Umeme ulipoenea mjini kazi ikapungua, na mume wangu akawa anakaa kibarazani kwa kukaa tu, akiwasalimia wapita njia. Alikufa kwa ugonjwa mwingine, wa kawaida.

Mtoto wa wifi ana watoto wake sasa. Ananiita mama, na sikuwahi kumficha kwamba ana mama mwingine. Aliniuliza habari zake mara moja tu, tukiwa uani tunafua. Aliuliza alifananaje. Nikamwambia alikuwa mweusi kumshinda yeye, mwenye mwanya, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Akauliza kama aliumia sana. Nikamwambia ndiyo, aliumia sana. Alikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaining'iniza kwenye kamba, akaja kuchukua nyingine.